Kununua nyumba Kariakoo: fahamu unachonunua kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu – Dar es Salaam

Nyumba kuukuu ya vyumba sita iliyo jirani na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, inaweza kumgharimu mnunuzi fedha nyingi kuliko nyumba mpya ya kisasa iliyojengwa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Mnunuzi wa nyumba ya namna hiyo halipii matofali wala mabati, kwa kuwa mara nyingi huvibomoa. Analipia kiwanja, pamoja na haki ya kukimiliki na kukiendeleza kiwanja hicho katikati ya eneo kubwa la biashara nchini.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mwananchi anayetaka kununua au kuwekeza Kariakoo ni nani mwenye haki ya kuuza na kama haki hiyo inaweza kuhamia kwake kisheria. Swali la bei lifuate baadaye. Wengi huanza na bei na kuhakiki haki wakati fedha imekwishatoka, na huo ndio mwanzo wa migogoro mingi.

Makala haya yanafafanua mambo ya kuhakiki, ofisi zinazohusika na mpangilio wa kuyatekeleza. Maelezo haya yanawahusu pia wananchi wa maeneo mengine ya kati ya miji yenye mazingira yanayofanana, kama Magomeni, Ilala na Gerezani.

Eneo lenye historia na familia zake

Jina la Kariakoo limetokana na matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi katika eneo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita, eneo lilikua kuwa makazi ya Waafrika, likiwa na mitaa myembamba iliyonyooka na nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma kwa ajili ya jiko, choo na kisima. Mwenye nyumba aliishi katika vyumba vichache na kupangisha vilivyobaki.

Leo sehemu kubwa ya nyumba hizo imebadilishwa kuwa maghorofa yenye fremu za maduka chini na stoo, ofisi au makazi juu. Wafanyabiashara kutoka mikoani na nchi jirani kama Zambia, Malawi, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huja kununua bidhaa hapo. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, yana vituo vya Msimbazi na Gerezani, na treni ya umeme ya reli ya kisasa iliyoanza safari zake mwaka 2024 inaanzia hatua chache kutoka hapo. Hali hii imepandisha thamani ya kila kiwanja.

Hata hivyo, nyumba zilizojengwa na babu au bibi sasa zimo mikononi mwa wajukuu. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi kumi au zaidi, baadhi wakiishi ndani yake, wengine mikoani na wengine nje ya nchi.

Kinachonunuliwa ni haki ya kumiliki

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma na iko chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Raia hupewa haki ya kumiliki kwa muda uliotajwa katika hati, nao hauwezi kuzidi miaka 99. Hati nyingi ni za miaka 33, 66 au 99. Kila hati ina masharti yake, yakiwemo matumizi ya kiwanja na wajibu wa kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Mnunuzi anapaswa kusoma hati yote na kutazama muda uliobaki. Hati ya miaka 33 iliyobakiza miaka michache haina uzito sawa na hati ya miaka 99 iliyotolewa juzi, ingawa viwanja vyenyewe vimepakana. Vilevile, aangalie kama matumizi yaliyoandikwa ni makazi, biashara, au makazi na biashara kwa pamoja. Anayenunua kiwanja cha makazi kwa nia ya kujenga maduka anahitaji kwanza kibali cha mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na hana uhakika wa kukipata.

Baadhi ya wamiliki hawana hati bali barua ya toleo, ambayo ni hatua ya kuelekea kupata hati. Wengine wana makabidhiano ya mauziano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kiongozi wa mtaa anaweza kumtambulisha mkazi na kushuhudia makubaliano, lakini hana mamlaka ya kuhamisha milki ya kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa. Milki hiyo huhama kwa kusajiliwa katika daftari la Msajili wa Hati.

Kuhusu wageni, Sheria ya Ardhi hairuhusu mtu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji ulioidhinishwa na mamlaka ya Serikali inayosimamia uwekezaji. Raia anayekubali jina lake litumike katika hati kwa ajili ya mgeni anajiweka, yeye na mgeni huyo, katika hatari ya kupoteza mali.

Nyumba ya urithi: nani anauza?

Hapa ndipo penye migogoro mingi ya nyumba za Kariakoo. Jina lililomo katika hati linaweza kuwa la mtu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mtoto mkubwa wa familia anaishika hati, anaishi katika nyumba na anapokea kodi za wapangaji. Kwa macho ya jirani na dalali, huyo ndiye mwenye nyumba. Kisheria, kushika hati hakumfanyi kuwa mmiliki wala kumpa uwezo wa kuuza.

Mwenye uwezo wa kushughulikia mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama, au msimamizi aliyetajwa katika wosia na kuthibitishwa na Mahakama. Mukhtasari wa kikao cha ukoo humpendekeza mtu, haumteui. Mnunuzi anayeoneshwa mukhtasari wa ukoo pekee anapaswa kusubiri hadi uteuzi wa Mahakama upatikane.

Baada ya uteuzi, msimamizi anawajibika kuwasilisha nyaraka za Mahakama kwa Msajili wa Hati ili jina lake lisajiliwe katika daftari kwa wadhifa wa msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo anaweza kuhamisha milki kwa warithi au kwa mnunuzi. Mauziano yanayofanyika wakati daftari bado lina jina la marehemu hukwama katika hatua ya usajili, huku fedha zikiwa zimekwisha kugawanywa kwa warithi.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba msimamizi si mmiliki. Anashika mali kwa niaba ya warithi na wadai wa marehemu, na anawajibika kutoa hesabu mahakamani. Kwa hiyo mnunuzi makini huomba orodha ya warithi iliyowasilishwa mahakamani, hukutana nao na kupata ridhaa yao ya maandishi, wakiwemo walio mbali. Ikiwa yumo mrithi ambaye hajafikisha umri wa miaka 18, msaada wa wakili ni wa lazima ili maslahi yake yalindwe na mauziano yasije kupingwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika Sheria ya Ukomo wa Mashauri, inayotoa muda wa miaka 12 kufungua shauri la kudai ardhi. Mrithi aliyeachwa nje anaweza kujitokeza wakati nyumba imekwishabomolewa na ghorofa limesimama. Upande wa pili, wapo wajane na watoto wanaoamshwa na mnunuzi asiyemfahamu akiwataka wahame. Hatua hizi zinamlinda mnunuzi, na pia zinamlinda mjane huyo.

Ridhaa ya mwenza

Kwa mmiliki aliye hai na mwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inamtaka anayenunua au kukopesha kuchukua hatua za kujiridhisha kuhusu ridhaa hiyo. Hivyo, kauli ya muuzaji kwamba hana mke, au kwamba mke hana pingamizi, haitoshi. Ridhaa iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili na mwanandoa mwenyewe, kwa kitambulisho chake. Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, ijulikane ni nani anayeishi katika nyumba hiyo.

Upekuzi wa hati na ziara ya kiwanja

Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, mnunuzi afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa wa Dar es Salaam. Upekuzi huonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda na masharti ya hati, na kama kiwanja kimewekwa rehani benki, kina zuio lililowekwa na mtu mwenye madai, au kipo chini ya amri ya Mahakama.

Nakala ya hati anayooneshwa mnunuzi ilinganishwe na taarifa za daftari: namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa, na jina kama linavyosomeka katika kitambulisho cha Taifa cha muuzaji. Anayeuza kwa niaba ya mwingine awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na mwenye mali mwenyewe atafutwe ili kuthibitisha.

Baada ya ofisi, mnunuzi aende kiwanjani na mpima ardhi. Viwanja vya Kariakoo ni vidogo na vimebanana. Ukuta wa jirani uliosogea kidogo unaweza kuzuia ujenzi au kuzua kesi. Aidha, aulize Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kuhusu mpango wa uendelezaji wa eneo, idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa na kama kiwanja kimeguswa na hifadhi ya barabara au miundombinu mingine.

Jengo lililosimama lina historia yake

Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wakiwa wafanyabiashara na wateja wao. Serikali iliunda tume kuchunguza hali ya majengo katika eneo hilo. Tukio hilo linawakumbusha wawekezaji kwamba anayenunua jengo ananunua na makosa yaliyofichwa ndani ya nguzo zake.

Kwa hiyo, mnunuzi wa ghorofa aombe kibali cha ujenzi na michoro iliyoidhinishwa, kisha ahesabu. Kama kibali kinataja ghorofa nne na jengo lina sita, au chumba cha chini ya ardhi hakimo kwenye michoro, hapo pana tatizo la usalama na la kisheria. Ukaguzi wa uimara ufanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayejenga upya atumie mbunifu, mhandisi na mkandarasi waliosajiliwa na bodi zao, na achukue tahadhari kwa majengo ya jirani wakati wa kuchimba msingi.

Wapangaji na suala la kilemba

Nyumba za Kariakoo ni nadra kuuzwa zikiwa tupu. Fremu za chini zina wapangaji waliolipa kodi ya miezi mingi mbele, na wengine walitoa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, ambayo huenda ililipwa kwa mwenye nyumba au kwa mpangaji aliyetangulia. Mara nyingi kilemba hakiandikwi popote, lakini mpangaji aliyekitoa hukiona kuwa haki yake.

Mnunuzi adai orodha ya wapangaji wote, mikataba yao, kodi iliyolipwa na tarehe inapokwisha. Kodi iliyopokelewa kwa miezi ijayo ipunguzwe kwenye bei, au mkataba ueleze nani atawarejeshea wapangaji. Kubadilika kwa mmiliki peke yake hakufuti mkataba halali wa upangaji. Mpango wa ujenzi unaodhani wapangaji wataondoka siku ya pili baada ya mauziano huishia barazani.

Kununua sehemu ya jengo na kuingia ubia

Kwa asiye na uwezo wa kununua kiwanja, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inawezesha mtu kumiliki nyumba, ofisi au duka ndani ya ghorofa kwa hati yake mwenyewe, pamoja na hisa katika maeneo ya pamoja kama ngazi, lifti na paa. Utaratibu wa familia nyingi kuwa na makazi yao katika maghorofa ya pamoja unaonekana Magomeni Kota, ambako nyumba za kaya 644 zilizinduliwa mwezi Machi 2022.

Anayenunua fremu au sehemu ya ghorofa ahakikishe kwamba mmiliki wa jengo amesajili mgawanyo wa jengo hilo. Mkataba unaosema tu kwamba mtu amenunua duka namba fulani, wakati hati ya kiwanja kizima ipo benki kama rehani, haumpi kinga benki itakapouza kiwanja ili kurejesha deni.

Kwa upande wa familia zenye kiwanja, kuuza si njia pekee. Zipo zinazoingia ubia na mwendelezaji: familia inatoa kiwanja, mwendelezaji anatoa mtaji wa ujenzi, kisha wanagawana ghorofa au mapato kwa miaka waliyokubaliana. Ubia huo unaweza kuiacha familia na kipato cha kudumu katika eneo la wazee wao. Lakini mkataba ueleze bayana mgao wa kila upande, muda wa kukamilisha ujenzi, mahali familia itakapoishi wakati wa ujenzi, nani atalipa kodi na nini kitatokea mwendelezaji akishindwa. Jambo kubwa zaidi ni hati: hati isihamishiwe kwa mwendelezaji wala kuwekwa rehani bila masharti yaliyokubaliwa na warithi wote kwa maandishi.

Kodi na gharama za uhamisho

Uhamisho wa milki huhitaji taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa kuwa ndiyo msingi wa kukokotoa malipo ya Serikali. Kuandika bei ya chini katika mkataba ili kupunguza kodi hakusaidii, na humwacha mnunuzi bila ushahidi wa fedha alizolipa endapo mauziano yatabatilishwa.

Muuzaji hulipa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali. Kwa mtu binafsi mkazi, kiwango ni asilimia 10 ya faida. Tangu mwaka 2022, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au thamani iliyoidhinishwa, kutegemea kilicho kikubwa. Utaratibu huu unazihusu nyumba za zamani ambazo stakabadhi za ujenzi wake hazipo tena. Kwa mfano, nyumba ikiuzwa kwa shilingi milioni 600 bila kumbukumbu hizo, kodi ni shilingi milioni 18. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1, yaani karibu shilingi milioni 6 kwa mfano huo. Mkataba utaje nani analipa nini, kwa sababu bila uthibitisho wa malipo hayo usajili haukamiliki.

Vilevile, mnunuzi aombe stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka mingi hufuata kiwanja, na kutolipa ni uvunjaji wa masharti unaoweza kusababisha milki kufutwa. Kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 7,500 kwa kila ghorofa.

Fedha itoke kwa mpangilio

Mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi na yasimamiwe na wakili wa mnunuzi, asiyekuwa wakili wa muuzaji wala aliyeletwa na dalali. Malipo yapitie benki na yafuate hatua: kiasi kidogo baada ya upekuzi na kusaini mkataba, kiasi kingine baada ya nyaraka zote za uhamisho kusainiwa, na salio baada ya kibali cha uhamisho kupatikana. Fedha za warithi zilipwe kwenye akaunti ya mirathi, au kwa utaratibu ambao warithi wote wameusaini.

Dalali ana nafasi yake katika kuwakutanisha watu, lakini si mhakiki wa hati. Haraka anayoihimiza, kwamba mnunuzi mwingine anakuja jioni na fedha taslimu, isiwe sababu ya kuruka hatua yoyote.

Panapotokea mgogoro, Baraza la Ardhi la Kata lina jukumu la usuluhishi, na shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali. Anayeona nyumba ya familia yake inataka kuuzwa kinyemela asisubiri mnunuzi afike na tingatinga. Afike mapema kwa Msajili wa Hati kuomba kuweka zuio, na aijulishe Mahakama iliyomteua msimamizi wa mirathi. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kupata ushauri kwa watoa huduma za msaada wa kisheria waliosajiliwa, au katika kliniki za ardhi zinazoendeshwa na Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi.